Sauti Iliyosikika Masaki

Kila asubuhi Shamsia alifagia uwanja wa nyumba waliyopanga pale Maili Moja, Kibaha, akajaza maji kwenye madumu, kisha akabandika chai ya mama yake. Kazi zote hizo alizifanya huku akiimba. Wapangaji wenzao walikwisha kuzoea. Mzee Mwinyijuma wa chumba cha mwisho alikuwa akisema hana haja ya kununua saa, maana Shamsia akifika ubeti wa pili, basi kumepambazuka.

Mpangaji mmoja tu ndiye aliyemsahihisha. Huyo alikuwa Dada Elinipa, fundi cherehani, aliyeshonea kibarazani siku za kazi na kuimba kwaya kanisani siku za Jumapili. "Shamsia, usiimbie puani," alimwambia bila kuinua macho kwenye kitambaa chake. "Teremsha pumzi tumboni." Mwenyewe alipoimba, sauti yake ilipanda juu mpaka wateja wakasahau kuuliza kwa nini nguo zao hazijaisha.

Shamsia alikuwa darasa la sita pamoja na rafiki yake Stellamaris, ambaye mama yake aliuza vipuri vya pikipiki karibu na stendi. Mwezi wa pili, Mwalimu Raudha, aliyesimamia michezo na sanaa, aliwaambia wanafunzi kwamba shule yao imepewa nafasi ya kuimba katika sherehe za Siku ya Wanawake mjini Kibaha. Alitaka wimbo mpya, si wa kuiga redioni. Shamsia na Stellamaris walitazamana. Kabla kengele ya kutoka haijalia, walikuwa wamekwisha kupata jina la wimbo: "Shamba Lina Jina Langu".

Jina hilo lilitokana na bibi yake Shamsia, Bi Tatu, aliyeishi Masaki, wilayani Kisarawe. Bi Tatu alifiwa na mumewe akiwa bado kijana. Alifyeka pori kwa mikono yake akapanda mikorosho. Lakini kwa miaka mingi, korosho zake zilipopimwa kwenye chama cha ushirika, jina lililoitwa mbele ya watu lilikuwa la shemeji yake. Shemeji ndiye aliyeitikia, na shemeji ndiye aliyepongezwa kwa korosho safi. Msimu mmoja Bi Tatu alichoka. Alikaa juu ya gunia lake akasema halipimwi mpaka liitwe jina la mwenyewe. Watu walicheka, kisha wakakasirika, kisha wakambembeleza. Hakunyanyuka. Tangu siku ile likaitwa jina la Tatu binti Kibwana, na mpaka leo ndilo linaloitwa.

"Bibi yako ni noma!" Stellamaris alisema aliposimuliwa. "Hiyo lazima iingie kwenye wimbo."

Waligawana kazi. Stellamaris, ambaye hata kuzungumza alizungumza haraka, alitunga sehemu za kuchangamka, za kuchezeka, kuhusu mama yake anayeulizwa kila siku na wateja, "Mwenye duka yuko wapi?" wakati yeye ndiye mwenye duka. Shamsia alichukua sehemu ya polepole, ile ya kuvuta sauti na kutia uchungu. Kiitikio chake kilikuwa hivi:

Gunia ni langu, jasho ni langu,
Liite jina, liite jina langu.

Neno "jina" la mwisho lilipaswa kupanda juu na kukaa huko. Ndipo palipoleta taabu yote.

Binamu yake Stellamaris, kijana aliyeitwa Wilfred, alikuwa na studio ndogo Kongowe, chumba kimoja chenye magodoro ya zamani ukutani ili kelele za nje zisiingie. Alikubali kuwatengenezea muziki. Mama yake Shamsia hakuwaruhusu waende peke yao, kwa hiyo Dada Elinipa aliacha cherehani akawasindikiza.

Stellamaris alirekodi sehemu zake bila shida. Shamsia alipofika kwenye "jina", sauti ilimkatika. Akarudia, ikamkatika tena. Akanywa maji, akajaribu kwa macho yaliyofumbwa, akajaribu kwa macho yaliyofumbuliwa. Wapi!

"Dogo, hapo pumzi inakata," Wilfred alisema kwa upole.

"Ngoja nikuonyeshe," Dada Elinipa alisema. Alisimama mbele ya maikrofoni, akaimba kiitikio chote mara moja, kuanzia chini hadi juu, bila hata kukunja uso. "Umeona? Sikulazimisha. Sasa jaribu wewe." Simu yake ikaita, mteja anaulizia gauni la harusi, naye akatoka nje kuzungumza.

Wilfred alikuwa hajazima mashine. Aliirudisha sauti ile nyuma, wakaisikiliza wote watatu. Ilikuwa nzuri mno.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Naiacha humuhumu. Siku ya shughuli mnapiga pleibeki, muziki na sauti vinatoka kwenye spika, nyie mnachezesha midomo tu. Mastaa kibao wanafanya hivyo."

"Na kwenye spika ni sauti ya msichana tu," Stellamaris aliongeza. "Nani atajua?"

Shamsia alijua kwamba si sawa. Alijua pia kwamba mtu wa kuulizwa alikuwa hapo nje, hatua chache tu, anaongea na simu. Lakini aliutaka wimbo ule uwe wake. Dada Elinipa aliporudi ndani na kuuliza kama ameweza, Wilfred alijifanya anatafuta waya chini ya meza, Stellamaris akaangalia kucha zake, na Shamsia akasema, "Tumemaliza, dada." Dada Elinipa alimpigapiga begani kwa furaha. Njia nzima ya kurudi Shamsia hakuimba.

Jumamosi moja kabla ya sherehe ya Kibaha, akina mama wa Masaki walikuwa na sherehe yao ya kata. Bi Tatu alikuwa kwenye kamati, na alipopata habari kwamba mjukuu wake ametunga wimbo, hakukubali maneno mengine. Mwalimu Raudha aliona ni mazoezi mazuri. Mama yake Shamsia akawapeleka wasichana wote wawili.

Uwanja ulijaa. Akina mama walikuja na sare za vitenge, waendesha bodaboda wakaegesha pikipiki zao pembeni wapate kuona. Muziki ulipoanza, Stellamaris aliruka jukwaani kana kwamba alizaliwa hapo, akaimba sehemu zake huku sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye spika, watu wakapiga vigelegele. Kisha ikaja zamu ya Shamsia. Alishika maikrofoni iliyozimwa, akafungua mdomo, na sauti ya Dada Elinipa ikajaa uwanja mzima.

Watu wakasogea karibu na jukwaa. Wengine walifuta macho. Bi Tatu, ambaye kijijini alijulikana kwa kutolia hata msibani, alilia waziwazi. Kisha, kama ilivyo desturi mwimbaji anapogusa mioyo, akina mama walianza kutoka mmoja mmoja kwenda kumtunza. Huyu alimbandika noti kwenye paji la uso, yule alimvalisha ushanga. Bi Tatu alikuja na doti ya khanga mpya. Alimfunika mjukuu wake mabegani, akamkumbatia, akacheza naye polepole, shavu kwa shavu, wakati kiitikio kikipanda.

Ghafla Bi Tatu akaacha kucheza. Alisogeza sikio mpaka karibu na mdomo wa Shamsia. Kwenye spika, "jina" lilikuwa limefika juu kabisa. Mdomoni mwa Shamsia hamkutoka hata pumzi.

Bi Tatu alimtazama, akamwekea sawa ile khanga begani, akarudi kukaa.  Shamsia aliendelea kuchezesha midomo mpaka wimbo ukaisha. Mshereheshaji akapaza sauti: "Jamani, huyu mtoto ana koo la dhahabu!" Shamsia aliinama kushukuru, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Jioni hiyo bibi na mjukuu walikaa jikoni wakimenya mihogo. 

"Mke mwenzangu," Bi Tatu alianza, maana ndivyo alivyozoea kumtania, ingawa safari hii hakucheka. "Nani aliimba pale?"

"Mimi, bibi."

"Haya. Mie ni mzee, macho yangu hayaoni vizuri. Masikio lakini bado yapo. Nani aliimba?"

Shamsia aliweka kisu chini. "Dada Elinipa. Jirani yetu, fundi cherehani."

"Mwenyewe anajua?"

"Hapana, bibi. Alikuwa ananionyesha tu. Tukaichukua."

Bi Tatu alikata muhogo vipande viwili, akavitia sufuriani. "Kwa hiyo mnaimba habari za gunia langu lililopimwa kwa jina la mtu mwingine," alisema, "na gunia la huyo mwenzenu mmelipima kwa jina lako."

Shamsia alikuwa ameuimba wimbo ule mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka, lakini jambo hilo hakuwahi kuliona. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Akaanza kulia.

"Lia, lakini mihogo imalizike," Bi Tatu alisema. "Ukifika Kibaha nenda kwa mwenyewe. Mie siendi kumwambia mtu. Mdomo unao."

Kesho yake, waliporudi Maili Moja, Shamsia alimkuta Dada Elinipa kibarazani kwake. Cherehani ilikuwa imefunikwa. Mkononi alikuwa na simu, na kwenye simu Shamsia alijiona mwenyewe, na noti kwenye paji la uso. Mtu alikuwa amepiga video, na video ilikuwa imefika Kibaha kabla yao.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Dada Elinipa hakumwambia akae. "Nimetumiwa na watu watatu. Wote wananiuliza kama ninamfahamu mtoto huyu mwenye sauti. Nimejibu ninamfahamu, tunapanga nyumba moja."

"Dada, nisamehe. Tulikosa."

"Nilikuonyesha ili uweze, Shamsia. Sikukupa." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Shamsia. "Kwaya naimba mstari wa nyuma. Hakuna anayenijua. Siku sauti yangu inasifiwa na uwanja mzima, inasifiwa kwa jina lako. Nimeumia, mdogo wangu. Nakwambia ukweli."

 Shamsia alisema atamwambia Mwalimu Raudha, na kwamba kama wimbo utafutwa, basi ufutwe.  Dada Elinipa aliingia ndani akafunga mlango taratibu.

Stellamaris ndiye aliyekuwa mgumu. "Una wazimu?" alifoka alipoelezwa yote asubuhi, njiani kwenda shule. "Tumebakiza siku chache! Bibi yako hatasema, Dada Elinipa hatasema. Unajichongea mwenyewe, na mimi unanichongea."

"Mama yako akiulizwa mwenye duka yuko wapi, huwa anajisikiaje?"

 Stellamaris alipiga teke kokoto. Walipofika shuleni, aliingia ofisini wa kwanza.

Mwalimu Raudha aliwasikiliza mpaka mwisho. Hakupiga kelele, ila alivua miwani yake, na wanafunzi wa shule ile walijua maana yake. "Mimi ndiye niliyewaandika kama waimbaji," alisema. "Mmenifanya na mimi niseme uongo bila kujua. Ijumaa mtaimba mbele yangu, hapa, kwa midomo yenu. Mkishindwa, tunapeleka ngonjera."

Hakuna mtoto wa darasa la sita aliyetaka kwenda kusimama Kibaha na ngonjera. Siku hiyohiyo, baada ya masomo, walikwenda Kongowe, safari hii wakisindikizwa na mama yake Shamsia. Wilfred alijikuna kichwa. "Lakini mbona hamkuniambia kwamba ni juu mno? Nilipandisha kii kwa sababu nyimbo za redioni ndivyo zilivyo. Kuishusha ni kazi ndogo." Akashusha kii, yaani kiwango ambacho wimbo unaanzia, akafuta sauti zote, akabakiza ngoma, gitaa na kinanda.

Sasa Shamsia aliweza kulifikia "jina", ila kwa shida, na Stellamaris akawa anaimba chini mpaka ananguruma. Kila mmoja alikuwa na taabu yake. Walifanya mazoezi nyuma ya nyumba wakifua, wakiosha vyombo, wakichota maji. Shamsia alikuwa amezoea kuimba nyimbo zilizomjia zenyewe. Hakuwa amezoea kurudia mstari mmoja mpaka uchoshe. Sauti yake ilikwama palepale, mara hii na mara ile, na Mzee Mwinyijuma akaanza kulala na mto juu ya kichwa.

Jumatano, Shamsia alipokuwa akihangaika na mstari uleule, mlango wa Dada Elinipa ulifunguliwa.

"Puani tena," alisema. Akaja akasimama mbele yake, akaweka kiganja cha Shamsia juu ya tumbo la Shamsia mwenyewe. "Vuta pumzi, mkono wako usukumwe. Haujasukumwa. Tena. Nitawafundisha wote wawili, lakini sitaki kusikia tena kwamba mmemaliza wakati hamjamaliza."

"Hutasikia tena, dada," walijibu kwa pamoja.

Ijumaa waliimba ofisini kwa Mwalimu Raudha, bila spika, bila gitaa. Stellamaris alisahau mstari mmoja. Shamsia alitoka jasho. Mwalimu alivaa miwani yake akasema, "Ngonjera itasubiri."

Siku ya sherehe, viwanja vya Kibaha vilikuwa na mahema, viti vya plastiki na akina mama kutoka kila kona ya mkoa. Bi Tatu alikuja na kikundi chake cha Masaki. Dada Elinipa alisimama nyuma kabisa, karibu na mafundi wa spika. Majina ya waimbaji yalipotangazwa, makofi yalikuwa makubwa, kwa sababu wengi walikuwa wameiona ile video. Mwanamke mmoja mstari wa mbele alipaza sauti: "Huyo huyo, koo la dhahabu!"

 Shamsia angeweza kuanza kuimba tu, bila kusema lolote. Aliinua maikrofoni.

"Shikamooni, mama zetu," alisema. "Sauti mliyoisikia kwenye video ya Masaki si yangu. Ni ya Dada Elinipa, fundi cherehani wa Maili Moja. Tuliichukua bila kumwomba, na tumemwomba msamaha. Ya leo ni yetu, naye ndiye aliyetufundisha. Amesimama kule nyuma."

Minong'ono ilipita kwenye mahema. Mtu mmoja aliguna. Kisha vichwa vikageuka, safu baada ya safu, vikimtafuta fundi cherehani wa Maili Moja. Dada Elinipa alishika mtandio wake kana kwamba unataka kupeperuka. Mama mmoja alianza kupiga makofi, na wengine wakafuata.

Muziki ukaanza. Stellamaris alichangamsha uwanja kwa habari za duka la vipuri. Shamsia akaingia na sehemu yake ya polepole. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ile ya Masaki. Kwenye "jina" la kwanza ilikwaruza kidogo, na hakuna aliyefuta macho. Lakini kiitikio kilipokuja mara ya pili, alisikia kitu ambacho Masaki hakikuwapo. Akina mama walikuwa wanaimba naye. Kwa kuwa wimbo sasa ulikuwa chini, kila mtu aliuweza. Mpaka kiitikio cha mwisho, mahema yote yalikuwa yakidai jina lao, na Shamsia hakujua tena sauti yake inaishia wapi.

Baadaye, wakati watu wakigawiwa pilau, Mwalimu Raudha aliwakalisha wasichana wale wawili kando yake.

"Nisikilizeni," alisema. "Wimbo wenu unamsifu mwanamke anayejitegemea. Kujitegemea si kufanya kila kitu peke yako. Mama yako, Stellamaris, ana watu wanaomletea mzigo, na hata Bi Tatu alisaidiwa kuvuna. Anayejitegemea anajua kipi amekifanya yeye na kipi amefanyiwa, na haoni haya kuvitaja vyote viwili. Mkichukua kazi ya mtu mkaiita yenu, hapo mnamtegemea yeye, tena kwa siri. Na mmeona, sauti ndogo uliyoifanyia kazi mwenyewe unaweza kusimama nayo mbele ya mtu yeyote."

"Tumeona, mwalimu," Shamsia alisema.

Bi Tatu alifika akiwa na sahani yake, akaangaza macho huku na huku. "Yuko wapi huyo Elinipa?"

Dada Elinipa alisogea, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe ni wewe uliyeniliza kule Masaki mbele ya watu. Nilidhani machozi yale nimempa mjukuu wangu. Basi yalikuwa yako, nimekuja kukwambia."

 Bi Tatu alimwachia nafasi ya kukaa karibu naye.

"Na leo, bibi?" Shamsia aliuliza kwa sauti ya chini. "Leo hukulia."

Bi Tatu alimtazama, na tabasamu lake la siku zote likarudi usoni.

"Leo ningelia saa ngapi, mke mwenzangu?" alisema. "Nilikuwa naimba na wewe."